Pikipiki mpya inazama mbele kwenye mchanga wa korongo, nianze kurekebisha wapi?

Mama Kideri (Chamwino), Jumapili saa 2:40 usiku

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi natoa huduma za mifugo huku Chamwino, upande wa Handali na Mvumi. Kazi yangu kubwa ni chanjo ya kuku, ile ya kideri ya tone moja jichoni. Kuku wa kienyeji ukichelewa huwakuti bandani, wameshasambaa. Kwa hiyo natoka nyumbani saa kumi alfajiri, giza bado, na njia zangu ni vijia vya ng'ombe na makorongo. Lami naiona nikienda mjini tu.

Miaka minne nimepanda bodaboda au nimeazima. Mwezi huu nimenunua ya kwangu, mpya: ya sisi (cc) 125, zile ndefu zenye ringi ya 21 mbele na 18 nyuma, tairi za vipele, injini ya kupozwa na upepo, kabureta ya kawaida. Nimeuza madume mawili, nikaongezea mkopo wa kikundi chetu cha akina mama. Ina kilomita 140.

Kwenye changarawe inakwenda vizuri kabisa. Nikishuka kwenye mchanga mkavu wa korongo, tairi la mbele linajichimbia, usukani unakata upande mmoja, nami niko chini. Nimeanguka mara tatu, zote korongo lile lile, upana wake kama mita 60. Mara ya tatu kisanduku cha baridi kilifunguka na chupa tano za chanjo zikapasuka. Ng'ambo ya pili kitongoji kizima kilikuwa kimefungia kuku ndani kikinisubiri, na ilibidi niwaambie wawafungulie. Wale wazee waliniitikia vizuri tu, hawakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko goti.

Nina kilo 58, na kimo changu ni futi 5 na inchi 2. Siku ya kununua nilimwambia fundi wa pale miguu haifiki chini vizuri, akaishusha mbele kwa dakika kumi hivi. Kisanduku na barafu yake ni kilo 11, kinakaa mwisho wa keria. Upepo wa matairi ni ule ule wa dukani. Jambo jingine, asubuhi haishiki sailensa vizuri, yaani haiungurumi yenyewe bila kushika mafuta, na plagi nilipoifungua ilikuwa nyeusi ya masizi.

Fundi wa stendi kanishauri nitoe eakilina (kichujio cha hewa), nitoboe ekzosi, niweke jeti kubwa ya kabureta (kile kitundu kinachopitisha petroli) "ipate nguvu za mchangani". Anataka elfu themanini. Nisaidieni, nianze wapi? Jumanne ya wiki ijayo nina vitongoji viwili ng'ambo ya korongo lile, na chupa nyingine siwezi kuzipoteza.

Dereva wa Nkuhungu, Jumapili saa 3:05 usiku

Pole sana dada. Upepo! Punguza upepo. Duka linajaza kwa ajili ya lami. Mimi nikienda Hombolo kwa njia za mashambani natoa mpaka tairi linabonyea kidogo kwa kidole gumba. Na ukiingia mchangani usiachie mafuta katikati, ukiachia tu mbele inazama. Kuhusu ekzosi sijui, ila ya kwangu sijawahi kuitoboa na mchanga napita.

Fundi wa Gulwe, Jumapili saa 3:52 usiku

Binti yangu, pole na goti, na pole zaidi na chanjo. Usimlipe mtu hata shilingi kwanza, na kabureta usiiguse. Nipimie vitu vitatu kesho kukicha, nitakujibu kwa hakika badala ya kubahatisha.

Tazama pale chini ya usukani ambapo mabomba ya shokapu za mbele yanapita kwenye chuma kinachoyabana. Yametokeza juu ya chuma hicho kiasi gani? Pima kwa rula, la kushoto na la kulia, usipime moja ukadhani la pili ni sawa.

Halafu tafuta watu wawili wainue nyuma mpaka tairi liachane na ardhi. Pima toka katikati ya ekseli ya nyuma kwenda juu wima hadi mahali utakapoweka alama kwenye bodi. Andika. Ishushwe, upande na buti zako na kisanduku chako, mtu aishikilie kidogo tu isianguke, kisha pimeni tena pale pale. Nitajie namba zote mbili, na uniangalizie kwenye kitabu gurudumu la nyuma lina mwendo wa milimita ngapi toka chini hadi juu.

Cha tatu ni upepo kwa geji, si kwa kidole.

Mama Kideri, Jumatatu saa 1:20 usiku

Shikamoo mzee. Nimepima na mdogo wangu, tumerudia mara mbili. Mbele kushoto yametokeza milimita 28, kulia 31. Nyuma ikiwa imeinuliwa 612, nikiwa nimekaa na kisanduku 577. Kitabu kinasema mwendo wa nyuma ni 180. Upepo mbele PSI 29, nyuma 33.

Fundi wa Gulwe, Jumatatu saa 3:30 usiku

Marahaba. Ugonjwa tumeuona, na hauko kwenye injini.

Sikiliza vizuri, maana hili watu wengi hawalijui hata mafundi. Pikipiki hukaa kama ng'ombe. Ukimwinamisha kichwa na kumwinua mkia, uzito wote unakwenda miguu ya mbele. Yule fundi alilegeza chuma cha juu akayasukuma mabomba yapande karibu sentimita tatu, ili mbele ishuke ufike chini. Nia yake ilikuwa njema. Lakini nyuma hakuigusa, na nyuma yako tayari iko juu: 612 toa 577 ni 35. Shokapu ya nyuma inatakiwa ikae chini karibu theluthi ya mwendo wake ukiwa umepanda na mzigo wako, yaani kwenye 180 ikae kama 55 mpaka 60. Yako inakaa 35. Springi imekazwa kwa ajili ya mwanamume wa kilo 80 na abiria nyuma, na wewe una kilo 58. Basi una pikipiki iliyoshuka mbele na kupanda nyuma. Kwenye changarawe utaiona nyepesi kukata kona, uifurahie. Kwenye mchanga gurudumu la mbele linaingia kama jembe. Tena kushoto na kulia zimepishana milimita tatu, maana yake ekseli ya mbele imejipinda kidogo na shokapu zinabanana badala ya kuteleza. Hapo hata Mungu akupe mikono ya chuma utaanguka.

Fanya hivi. Weka kreti la soda chini ya injini mpaka gurudumu la mbele lielee. Legeza bolti za upande mmoja tu, juu na chini, urudishe bomba lilingane na uso wa chuma cha juu kama kitabu kinavyoonyesha, kaza kiasi cha kushika, kisha uende upande wa pili. Usilegeze pande zote mbili kwa pamoja, itakuangukia. Ekseli ya mbele ilegeze kidogo, toa kreti, shika breki ya mbele ukandamize usukani chini kwa nguvu mara tano au sita, shokapu zitafute mahali pake zenyewe. Ndipo ukaze ekseli, halafu bolti zote. Bolti za kubana mabomba usizikaze kwa hasira, bomba likiminywa shokapu inagoma.

Nyuma, chini ya springi kuna ringi yenye meno au yenye ngazi. Osha kwanza, mchanga ukiingia kwenye uzi wake utaharibu. Ilegeze hatua moja, panda, pima. Hatua nyingine, panda, pima. Usiruke mbili. Ukifika 50 na ringi imefika mwisho, inatosha, usiende kununua springi. Andika kila namba kwenye daftari lako la chanjo ukurasa wa nyuma. Mimi daftari langu nimelianza mwaka 1996 na bado nalifungua.

Najua utauliza miguu. Ukilegeza nyuma utapata sentimita moja na nusu hadi mbili hapo hapo. Nyingine mpelekee fundi wa sofa akupunguzie sponji ya kiti, na apunguze zaidi pembeni pale mapaja yanapopita, ndipo panapozuia mguu kushuka. Kimo cha pikipiki kitafutwe kwenye kiti, binti yangu, si kwenye shokapu.

Upepo: bwana wa Nkuhungu amesema kweli. Mbele weka 16, nyuma 18, kwa uzito wako. Chini ya hapo usiende, kwa kuwa una tyubu. Tairi likiwa laini mno huteleza juu ya ringi na kuivuta tyubu, valvu inakatika shinani, na hiyo haina kiraka. Ile nati ndogo ya valvu iliyobana ringi ifungue uipandishe juu ikutane na kifuniko. Ukiona valvu imeanza kulala, ujue tairi linatembea. Ukitoka mchangani ukaingia mawe ya Mvumi, piga pampu mpaka 20 na 22, la sivyo tyubu itabanwa kati ya jiwe na ringi. Na tyubu ya akiba beba ya mbele tu, ya 21. Ikibidi huingia nyuma kwenye 18 ikakufikisha nyumbani. Miiba ya migunga hukuanza kuijua leo, siendelei.

Kisanduku kisogeze mbele kabisa kigusane na kiti, kilale chini, kifungwe kwa mpira wa tyubu kuukuu mara mbili, na mfuniko ufungwe kwa mpira wake peke yake. Pale mwisho wa keria kinayumba kama mkia na kukuvuta kila ukirekebisha usukani.

Usukani: simama juu ya vyuma vya kukanyagia, magoti yamekunjwa kidogo, utazame mbele. Mikono ya klachi na breki ikae ili vidole vyako vishuke moja kwa moja kutoka kwenye kiwiko, kiganja kisivunjike. Wengi wanaiweka kwa kukaa, wakisimama viganja vinachoka katika kilomita mbili. Na bolti zake zikazwe kiasi ambacho ukiangusha pikipiki mkono unazunguka badala ya kuvunjika.

Cheni: izungushe utafute mahali inapokaza zaidi, ndipo upimie. Ipande na kushuka milimita 35 mpaka 40. Ya dukani mara nyingi imekazwa mno, ukikaa inavuta beringi. Oili ya cheni kidogo, na ufute. Kwa mchanga wetu cheni iliyolowa oili ni msasa.

Sasa kabureta. Mpaka hapo sijaigusa, umeona. Plagi nyeusi ya masizi inasema petroli ni nyingi kuliko hewa. Jeti kubwa inaongeza petroli. Huo ushauri unakwenda kinyume cha plagi yako mwenyewe. Isitoshe, Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina kanieneo pungufu ya ya Dar kwa asilimia kama 12, kwa hiyo injini ile ile huku inahitaji petroli pungufu kidogo, si zaidi. Kabla ya jeti niambie mambo mawili. Choki, ile ya kuongezea petroli injini ikiwa baridi, unairudisha lini asubuhi? Na eakilina umeifungua tangu uinunue?

Eakilina usiitoe. Mwaka 2004 nilimwamini mtu mmoja, fundi mwenye jina mjini, akaniambia injini "ipumue". Nikatembea bila eakilina toka Mpwapwa hadi Kibakwe na kurudi, msimu wa vumbi, wiki tatu. Siku ya mwisho ilivuta moshi wa buluu na kupiga kelele kama debe la mawe. Tulipofungua, silinda ilikuwa na mistari ya kukwaruzwa juu mpaka chini na ringi za pistoni zimelika. Kulikuwa na udongo mwekundu mzuri kabisa ndani ya kabureta, laini kama unga wa uwele. Pikipiki ile ilikuwa ya kazi, na kijiji kizima kilikaa bila dawa ya kuogesha ng'ombe mpaka nilipopata silinda nyingine. Sijasahau.

Eakilina ya sponji ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikamue kwa kuibana kati ya viganja, usiisokote kama nguo. Ikauke kivulini. Iloweshe oili, ibane tena mpaka isidondoke, pakaza grisi ukingoni inapokutana na boksi. Kwa njia zako, kila wiki. Ukiwa nyuma ya malori ya Kibaigwa, kila siku mbili.

Sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni, usibadili sasa. Ikifika kilomita 1,000 na bado unaona gia ya pili ni nzito mchangani, toa ya mbele yenye meno 14 uweke 13. Utapata nguvu kama asilimia 7 hivi na utapoteza kiasi hicho hicho cha mwendo barabarani. Ni bei ndogo kuliko kugusa ile ya nyuma. Lakini kwanza irudi kwenye umbo lake.

Mgogo Ughaibuni (Alberta, Kanada), Jumanne saa 12:10 asubuhi

Mzee wa Gulwe, nimesoma maelezo yako nikiwa karakana nikasimama. Mimi nimezaliwa Kongwa, na huku kazi yangu ni kutengeneza mashine za theluji. Kwa wasiozijua, mbele zina ski mbili badala ya gurudumu, nyuma mkanda wa mpira wenye meno unaozunguka kama wa katapila. Watu hununua mpya dukani, wanatoka nje ya njia iliyoshindiliwa, wanaingia theluji laini ya kiunoni, na malalamiko yao ni yale yale ya dada: mbele inazama na kukata upande.

Huku nako kitu cha kwanza ninachoangalia ni uzito umelala wapi. Ndani ya ule mkanda kuna ukanda mfupi wa nailoni unaozuia sehemu ya mbele ya shokapu isishuke sana. Ukiufupisha, ski zinabonyeza ardhi kwa nguvu, nzuri kwa kona za njia ngumu. Ukiurefusha, mbele inakuwa nyepesi na mashine inapanda juu ya theluji badala ya kuichimba. Wateja wanaotoka kwenye njia kwenda milimani nawarefushia tundu moja, nawaambia wakajaribu, warudi. Springi za nyuma nazo napima kwa mtu mwenyewe akiwa amevaa koti na mkoba wake. Mtu wa kilo 60 na wa kilo 100 hawawezi kupanda mashine ile ile bila kuigusa.

Na hili la urefu wa milima tunaliishi. Mashine mpya zinajipimia petroli zenyewe kwa kompyuta, lakini injini bado inakosa nguvu kadiri unavyopanda, kwa hiyo tunabadili vizito vya klachi, tunaweka vyepesi, ili izunguke kasi inayotakiwa. Zile za zamani zenye kabureta kanuni ni moja: baridi kali hewa ni nzito, jeti kubwa, juu mlimani au siku ya joto, jeti ndogo. Dada, Dodoma ni juu na ni joto. Yeyote anayekwambia jeti kubwa hajaangalia ulipo.

Kuendesha ndani ya kitu laini nako kunafanana. Simama, uzito nyuma kidogo, macho ng'ambo, gia moja na mwendo mmoja. Usibanie usukani, uache ucheze kidogo kama unavyoshika kamba ya ndama anayejua njia. Ukipinda, pinda kwa kukanyaga chuma cha upande unaotaka kwenda, mikono ifuate.

Bahi Kwetu, Jumanne saa 4:45 asubuhi

Naongeza moja tu kwa sababu hamjaifikia. Mchanga mmemaliza, lakini mvua zikianza Desemba dada atakutana na udongo mweusi wa mbuga, wa kunata. Sisi Bahi kwenye majaruba ya mpunga tunaujua. Unajaa kati ya tairi la mbele na madigadi mpaka gurudumu linasimama kabisa, unasukuma pikipiki kama jiwe. Kama madigadi yako ya mbele yamekaa karibu na tairi, nunua yale ya kukaa juu chini ya usukani, au weka spesa yainuke vidole vinne. Zile raba za vyuma vya kukanyagia zitoe, chuma chenye meno kinashika buti lenye tope. Na cheni uiache ilegee zaidi kidogo msimu huo, tope likijaa kwenye sproketi linaikaza.

Maji ya korongo yakifika kwenye boksi la eakilina usipige kiki. Ikizimikia majini, itoe, fungua plagi, uizungushe polepole maji yatoke, kisha ukaushe eakilina.

Mama Kideri, Jumamosi saa 11:15 jioni

Shikamoo tena mzee, na asanteni wote. Nimefanya kila kitu kwa mfuatano ule, kimoja kimoja, na nimeandika.

Mbele tumerudisha Jumatano na mdogo wangu. Tulipokandamiza usukani baada ya kulegeza ekseli ilitoa mlio wa "tiki" na ikakaa. Kabla ya hapo shokapu zilikuwa zinakwama katikati na mimi nilidhani ndivyo mpya zilivyo. Nyuma nimelegeza hatua tatu: 41, 47, halafu 54. Nimeacha hapo. Mama mmoja anayeshona makochi Mvumi Misheni amenipunguzia kiti kwa elfu saba, na sasa vidole vya miguu yote miwili vinashika chini.

Choki ndiyo hiyo, mzee. Kwa baridi ya Julai saa kumi alfajiri nilikuwa naivuta, nawasha, naondoka nayo hivyo hivyo ili isizime, na mara nyingi naikumbuka nimefika. Nilidhani inasaidia. Sasa naiwasha, nafunga kisanduku taratibu wakati inapata joto, nairudisha ndipo natoka. Eakilina nilipoifungua ilikuwa ya rangi ya matofali, na kilomita ni 140 tu! Nimeiosha. Plagi nimeisafisha, na baada ya siku mbili nimeifungua tena, imeanza kuwa kahawia. Sailensa inashika. Elfu themanini sikumpa fundi, nimenunulia tyubu, pampu ndogo na geji, na nimebaki na chenji.

Leo asubuhi nimekwenda korongoni bila kisanduku, peke yangu na mdogo wangu akiangalia. Upepo 16 na 18. Mara ya kwanza nilishika usukani kwa woga, ukayumba, lakini haukukata, nikafika ng'ambo nikiwa nimekanyaga chini mara mbili. Mara ya pili nilisimama, gia ya pili, nikatazama ule mkuyu ulio ukingoni wala si mchanga. Mbele ilikuwa inaelea. Sijui niielezeje, ilikuwa inatafuta njia yenyewe kidogo kulia kidogo kushoto na mimi naiacha. Nilivuka mara sita. Mara ya saba na kisanduku, nimekijaza chupa za maji badala ya chanjo, kikiwa kimegusana na kiti. Hakikusogea.

Kaka wa Alberta, ile ya kukanyaga chuma cha upande unaotaka kwenda nimeijaribu kwenye kijia cha ng'ombe na ni kweli kabisa. Ndugu wa Bahi, madigadi nitayainua Novemba.

Nimewapigia wenyeviti wa vitongoji vyote viwili. Jumanne kuku wafungiwe.

Fundi wa Gulwe, Jumamosi saa 1:05 usiku

Nimefurahi, binti yangu. 54 ni namba nzuri, usiiguse tena.

Mchanga wa kurudia mara saba umetikisa spoku. Kesho kabla hujaiosha chukua spana ndogo, gonga kila spoku moja moja, magurudumu yote mawili. Iliyokaza inalia kwa sauti nyembamba, iliyolegea inajibu "du". Hiyo ya "du" ikaze robo tu ya mzunguko, kisha gonga tena. Ringi mpya hulegea mapema, ukipitisha wiki mbili itaanza kupinda.

Oili ya kwanza usisubiri kilomita 1,000 za kitabu, mwaga ikifika 500, iwe bado ya moto. Utaona chembe za chuma zinameta, usiogope, ni za gia kuzoeana. Mpaka hapo usiishike mafuta yote hata mara moja, na usikae kasi moja kwa muda mrefu. Mchangani injini ya kupozwa na upepo hupata joto haraka kwa kuwa mwendo ni mdogo. Ukivuka korongo, simama chini ya ule mkuyu dakika tano ndipo uendelee. Usiimwagie maji.

Jumanne ukirudi niandikie plagi ina rangi gani.